Mti wa Zabibu Katika Mahari Yangu

Nilipoolewa, baba yangu alitaka vitu vitatu: msahafu, doti mbili za kanga, na mti wa zabibu. Msahafu na kanga kila mtu wa Msimbu alivielewa. Mti wa zabibu ndio uliowachekesha, maana kwetu Kisarawe hakuna aliyewahi kuuona. Sisi tulijua zabibu za pakiti, nyeusi, zilizosinyaa kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, zile zinazotiwa kwenye pilau siku ya maulidi na kila mtu anachungulia sahani ya mwenzake amepata ngapi. Ukisema zabibu pwani yetu enzi hizo, ulikuwa unasema hizo tu. Mimi mwenyewe nilidhani zinaota mtini zikiwa zimeshasinyaa hivyo hivyo.

Aliyekuja kunichumbia alikuwa mtu mrefu wa Mlandizi, masikio makubwa, anacheka kabla hujamaliza kusema. Watu wake walikuwa wakulima na Waislamu kama sisi, hapo hapakuwa na neno. Lakini yeye alikuwa kibarua Dodoma, na Dodoma kwa baba yangu ilikuwa mbali kama Makka bila thawabu zake. Baba alikuwa mwalimu wa chuo, watoto wa vijiji vitatu walijifunza Kurani barazani kwake. Akamuuliza unafanya kazi gani huko.

"Kazi ya zabibu, mzee."

Baba akafurahi. Akaiona kazi safi, kazi ya mtu anayetia utamu kwenye sahani za Waislamu. Hakuuliza zaidi, na yule mtu hakusema zaidi. Nataka hili lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu limenisumbua uzeeni: hakusema uongo. Aliulizwa kazi, akasema zabibu, na zilikuwa zabibu kweli.

"Basi niletee mti wake niupande hapa uani," baba akasema. "Nikiuona nitajua binti yangu anakwenda kwa mtu wa kweli."

Mwanamume akarudi Dodoma, miezi ikapita. Nikaona nimsaidie. Nilichukua zabibu za pakiti zilizobaki kwenye maulidi, nikaziloweka kutwa mpaka zikavimba kama kupe, nikazipanda kwenye kopo la maziwa, nikamwagilia kila asubuhi. Nilikuwa nimeishia darasa la nne lakini kupanda nilijua, nimezaliwa shambani. Kilichoota mle koponi ni ukungu.

Alipokuja alishuka treni stesheni ya Pugu, akaazima baiskeli, akafika Msimbu amefungasha nyuma kifurushi cha gunia bichi. Ndani mlikuwa na vijiti vitatu. Baba akavitazama kama mtu aliyeletewa kuni. Mchumba wangu akaeleza kwamba mzabibu haupandwi kwa mbegu, unakata kijiti cha ule uliozaa, unakichomeka ardhini, nacho kinakuwa yule yule mama yake. Akiwa anaeleza akaliona lile kopo langu. Akauliza la nini. Mama yangu, Mungu amrehemu, akamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani na suruali yake ya kuchumbia, na mimi nyuma ya mlango nikasema moyoni, huyu huyu.

Vijiti viwili vilikufa. Kimoja kikashika, karibu na kisima, na ndoa ikafungwa.

Mwaka wa kwanza nilikaa kwa baba, mpaka mume apate nyumba kule. Alikuwa anakuja kila baada ya miezi kadhaa, anamwamkia baba, ananisalimia mimi kwa macho, halafu anakwenda kwenye mti wake. Nilimwonea wivu mti ule. Aliujengea kichanja cha miti ya porini, akaulaza juu yake kama mgonjwa kitandani. Alikuwa na mkasi wake wa kupogolea, wa mikono myekundu, anatembea nao mfuko wa nyuma kama wenzake walivyotembea na kitana. Anakata. Nilikuwa nalia akikata. Unauona mti umejaa majani mazuri yanayopepea, yeye anaunyoa unabaki mifupa. Ananiambia pwani yetu hii mvua haiuachi mti ulale, sasa lazima mtu aulaze kwa mkasi, auamshe tena. Usipoukata, anasema, unajisahau, unakuwa majani matupu.

Ukazaa. Vichala vya kijani, vidogo vidogo, punje zimebanana. Baba akangoja ziwe nyeusi. Zikawa rangi ya asali, unaona mpaka kokwa ndani, baba anasema bado. Nyuki wakaja, baba anasema bado. Mwishowe akazichuma akazianika kwenye jamvi. Kwa unyevu wa Msimbu! Siku ya tatu zilikuwa zinatoa povu na harufu kali inayopanda puani, inzi wanayumba. Baba akainusa, akakunja uso, akasema zimechacha, akazimwagia kuku. Kuku wale walilala mchana kutwa.

Ila hakukata tamaa na mkwewe. Kila alipokuja, mume wangu alileta pakiti za zabibu kavu, amezinunua dukani Dodoma mjini. Baba alizipokea kwa mikono miwili. Aliwaambia watu wa barazani, "Kule jua ni kali, zinakauka vizuri. Hizi za mkwe wangu." Akawagawia punje mbili mbili. Mume wangu aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake. Tulidhani ni adabu.

Mwaka wa pili alipata chumba, nikamfuata. Sijawahi kuona ardhi kame namna ile, mimi niliyezoea nazi na mikorosho. Nyekundu, imepasuka, na katikati ya ukavu huo mizabibu mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Nilifika wakati wa kuvuna. Wanawake wa Kigogo wanakata vichala, wanajaza makreti, wanaimba, lori linangoja. Nilivuna nao, mikono ikanata utamu. Siku hiyo nilimpenda mume wangu mara mbili, kwa kuwa alikuwa anajua kila mstari, anawaambia watu huu ni mweupe, huu mwekundu, huu uacheni wiki moja.

Jioni lori likaondoka. Nikamuuliza zinakaushwa wapi, maana sikuwa nimeona jamvi hata moja. Tukapita karibu na jengo lenye mapipa makubwa, upepo ukatuletea harufu. Ilikuwa ile ile ya jamvi la baba.

"Hazikaushwi, mke wangu," akasema. "Zinakamuliwa."

Nilimsusia siku mbili. Siku ya tatu tulikula pamoja. Aliniuliza swali moja tu, kama angemwambia baba, leo ningekuwa mke wake? Nikafikiri, nikaona jibu, nikamwongezea ugali. Nilipokwenda Msimbu kusalimia, baba akaniuliza, mbele ya watu, "Huko zinakauka vizuri?" Nikajibu, "Jua la kule ni kali, baba." Nami sikusema uongo. Nilikuwa nimejifunza kwa mume wangu.

Baba alikufa akiamini hivyo. Sisi tukaacha Dodoma, tukaja kujenga Misugusugu huku Kibaha, tukalima mihogo na mananasi, tukalea watoto. Kila mwaka mume wangu alikwenda Msimbu na mkasi wake kuukata mti wa mahari yangu, na kila mwaka ulizaa debe moja au nusu. Tulizila mbichi na watoto, chachu tamu, hakuna aliyeanika tena. Nilimwambia apande mwingine Misugusugu. Alikataa. Alisema ule ni wa mzee, akipanda mwingine itakuwa kama anamlipa tena.

Alipougua tulimlaza hospitali ya Tumbi, na hakutoka pale mzima. Sitaandika sana hapo. Baada ya arobaini nilikwenda Msimbu, nikasimama chini ya kile kichanja, nikamwambia mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyerithi nyumba na chuo cha baba, kwamba mti ule asiuguse mtu na chuma. Nao haukuguswa. Ukafanya vile alivyosema, ukajisahau. Ukapanda juu ya paa la jiko, ukaingia kwenye mpapai, majani mengi, zabibu hakuna. Mdogo wangu akawa ananilalamikia kila mara kuhusu nyoka. Wakati ukikataa kuzaa mimi nilikuwa naona unaomboleza. Kumbe ni mimi niliyeufanya tasa kwa mapenzi yangu.

Sasa nina mjukuu wa kike anayesoma kilimo. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza, na mimi na huyu tuligombania babu yake tangu yuko mgongoni. Alikuja likizo Misugusugu, akaniomba nimwonyeshe mti wa mume wetu. Nikampeleka Msimbu. Akaugeuza geuza majani, akapiga picha juu na chini, akapima kwa vidole, akaniuliza zabibu zake zilikuwaje, punje ndogo au kubwa, ganda jembamba au nene. Nilimweleza kama mtu anayeeleza sura ya mwanawe. Akazituma picha kwa mwalimu wake.

Baada ya siku chache akaja jikoni na simu.

"Mke mwenzangu, mume wetu alioa mbali. Mwalimu anasema karibu ana hakika. Jina lake Shenini, kwao Ufaransa."

Labda yeye hulitamka vizuri zaidi, mimi nilisikia Shenini. Akafungua ramani ya dunia, imepakwa rangi kila penye mizabibu. Alinionyesha mto mmoja wa Ufaransa ulikozaliwa, kisha akateremsha kidole mpaka Afrika Kusini, akasema leo huko ndiko uliko mwingi kuliko hata kwao. Nikauliza umefikaje. Kwa kijiti, akasema, kama alivyofanya babu. Mtu anaondoka kwao na kijiti. Mwingine wa huko huko Ufaransa ulihamia Ajentina, ukanenepa, kwao wakabaki nao kidogo. Mwingine ulikwenda Australia wakaubadilisha mpaka jina. Aina ni maelfu, akasema, ila ukizunguka dunia nzima utakuta zile zile chache, kama soda. Hizo nyingine zimebaki vijijini kwao, milimani, wanaozijua ni wazee wa kule tu, na wazee wakifa hata jina linapotea.

Hizo ndizo nilizozionea huruma. Mimi nimekaa kati ya Kisarawe na Kibaha, ukiondoa ile miaka ya Dodoma. Lakini kwetu Misugusugu najua maana ya kuhama. Jirani yangu mmoja alitoka Kilimanjaro na machipukizi ya migomba, akayazika kwenye mchanga wetu, yakakua membamba kama miwa, mpaka leo anayasemesha. Mwenzake kaja na ng'ombe. Kuna vitu vinakubali kuhama na vingine vinakuwa na uchungu. Mjukuu akaniambia hata muhogo ninaokula ulikuja kwa meli kutoka Amerika. Nilikasirika kidogo. Muhogo mimi ni wangu.

"Kwa hiyo ule wa Ufaransa na huu wa Msimbu ni ndugu," nikasema.

"Si ndugu, bibi. Ni huyo huyo. Umekatwa ukachomekwa, ukakatwa ukachomekwa, haujawahi kufa. Ni mwili mmoja."

Nikaacha kumenya muhogo. Nilimfikiria yule mtu wa masikio makubwa kwenye treni, na gunia bichi mapajani, hajui kwamba amempakata mzee wa miaka mamia. Nilitamani awepo nimtanie. Na kichwa changu kikavimba, siwezi kukataa. Wenzangu waliolewa kwa mbuzi. Mimi niliolewa kwa mti ulioko Ufaransa na Afrika Kusini.

Kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Kila mwaka, baada ya mavuno ya mpunga, tunamsomea baba hitima Msimbu. Mwaka jana tulikusanyika kama kawaida, wanaume barazani, sisi wanawake nyuma ya jiko na masufuria. Baada ya kisomo watu wakala, na wakati wanakunywa chai nikasimama uani, chini ya majani ya mti ule, nikaanza. Niliwaeleza Ufaransa. Niliwaeleza ramani. Niliwaambia mti huu wanaopita wakiinama una wenzake dunia nzima na wazungu wanautunza kama mtoto. Watu walisikiliza vizuri. Mzee mmoja wa barazani akauliza, kwa nia njema kabisa, wazungu huzifanyia nini zabibu nyingi hivyo.

Mjukuu wangu ni msomi, akiulizwa anajibu. Akasema, "Hizi si za kula sana, babu. Ni za kutengenezea mvinyo. Hata kule Dodoma alikokuwa babu yangu, zote zilikuwa za mvinyo."

Kikombe cha mtu kikagonga kisahani. Halafu wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye nimekula naye miaka yote hii na ulimi wake naujua, akasema taratibu huku akikusanya sahani:

"Kumbe wifi yangu aliolewa kwa chupa."

Wanawake wakacheka wakijizuia. Nilihisi kama kanga imenidondoka mbele za watu.

Mdogo wangu hakusema kitu mbele ya wageni. Ni mtu mpole, mvi zake nyingi kuliko zangu, sauti ya baba koo zima. Watu walipotawanyika aliniita pale karibu na kisima. Aliutazama mti muda, halafu akaniuliza bila kunitazama:

"Dada, ulijua?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningeweza kumwambia nilijua tangu mwaka wa pili wa ndoa. Ningeweza kumwambia zabibu ni zabibu, zimetajwa ndani ya Kurani, haramu ni kile anachokifanya mtu baadaye. Lakini nilikuwa bado nasikia vicheko vya wale wanawake. Nikamwona baba akigawa punje mbili mbili barazani, na mimi nimekaa pembeni nimefumba mdomo.

"Sikujua, mdogo wangu," nikasema.

Miaka yote mimi na mume wangu tulipita pembeni ya uongo bila kuukanyaga. Nikaukanyaga siku ile, mzee mzima, kisha nikamtupia marehemu asiyeweza kujitetea.

Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Basi alitudanganya wote. Wewe na baba. Mti huu nautoa, dada. Haukai uani kwa baba."

Aliyedanganywa hatetei. Nilirudi Misugusugu na mjukuu wangu. Siku ya pili yake wifi akapiga simu kutuarifu kwamba mdogo wangu ameukata kwa panga asubuhi nzima, mpaka mgongo ukamshika, na sasa amelala anapakwa dawa ya kuchua. Kisiki na mikono michache ya mti juu ya kichanja imebaki, atang'oa mizizi akipona. Nilisikia sautini mwake kwamba hata yeye haikumfurahisha.

Mjukuu wangu alikwenda mbio Msimbu, akaokota vijiti kwenye lundo kabla hawajavichoma, akavileta kwenye gunia bichi. Tulivichomeka uani kwangu, tukavifunika na makuti, tukavimwagilia asubuhi na jioni. Alinifundisha kuvikata mshazari upande wa chini ili nijue upande upi ni mizizi. Mchwa wa Misugusugu hawakujali upande. Wakavila kimoja kimoja, mpaka cha mwisho nikakivuta kikatoka mkononi kama bomba, tupu ndani. Nilikaa chini pale pale. Mjukuu alisema tutatafuta kingine Dodoma, ni mwili huo huo. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia ule wa dunia nzima sikuolewa nao.

Sikwenda Msimbu tena. Mdogo wangu alipiga simu mara mbili kunijulia hali, nikasingizia miguu. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama. Na niliona aibu kwa marehemu mume wangu kuliko nilivyomwonea mdogo wangu. Nilikuwa namwombea baada ya sala, nikifika kwenye jina lake ulimi unakuwa mzito.

Mvua za vuli zikaanza. Wiki ya pili ya mvua mdogo wangu akapiga tena.

"Njoo," akasema. "Usiniulize."

Nilidhani kuna mgonjwa. Nikaenda na mjukuu, yeye anashika mkoba, mimi nashika goti. Tulipoingia uani niliona kitu cheupe karibu na kisima, nikafikiri wameanika mashuka. Kilikuwa chandarua, cha kitandani kwake, chenye viraka nilivyovijua maana nilishavishona mwenyewe. Amekitandaza juu ya kichanja na kukifunga kwa kamba ili ndege wasiingie. Ndani, kwenye ile mikono ya mti aliyoshindwa kuifikia na panga, majani mapya yalikuwa yametoka, laini, na chini yake vichala. Nilivihesabu. Kumi na saba. Vitano vilikuwa vimeshikwa na ukungu wa mvua. Vilivyobaki vilikuwa rangi ya asali.

Mjukuu wangu akaanza kucheka. Akasema babu huyu amefanya kazi nzuri kuliko mtaalamu, amepogoa palepale panapotakiwa na wakati unaotakiwa.

"Sikupogoa," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa naua."

Akamtuma mjukuu ndani kwa wifi akanywe chai. Tukabaki wawili. Akanisogezea kigoda, yeye akakaa kwenye ukingo wa kisima, akaeleza huku akitazama mikono yake. Alikuwa anangoja mgongo upone ang'oe. Ulipopona ukawa umeshachipua. Akasema kesho. Kesho yake ukatoa maua, madogo, huyaoni mpaka usogeze pua. Akasema wiki ijayo.

"Dada, mimi siwezi kung'oa kitu kina mimba. Halafu ndege wakaanza. Nikawa nawafukuza. Nikajiuliza, unamlindia nani? Nikaona nimlindie baba. Alizingoja sana. Lakini shemeji bado sijamsamehe. Alikuchezea wewe. Tangu hitima ile nikiomba dua kwa ajili ya wafu wetu, yeye namruka."

Nilikuwa nimeinua mkono kugusa kichala. Nikaushusha.

Nikamwambia. Nilimwambia Dodoma, lori, mapipa, harufu. Nilimwambia siku mbili nilizosusa na ya tatu nilipoongeza ugali. Nilimwambia nilivyomjibu baba kwamba jua la kule ni kali. Sauti yangu ilikuwa kavu, sikulia, maana nilikuwa nimechelewa kulia. "Hakunichezea," nikasema. "Baba aliuliza kazi, akajibiwa kazi. Neno ndilo lililotufichia, na mimi nikalisaidia kuficha. Aliyekudanganya wewe ni mimi, siku ya hitima."

Mvua nyepesi ilianza kudondoka juu ya chandarua, hakuna aliyesimama.

"Kwa hiyo uliniacha nikate," akasema.

"Nilikuacha."

"Na mgongo wangu."

"Na mgongo wako."

"Miezi minne namruka marehemu kwenye dua, dada. Mtu aliyekuwa ananiletea viatu."

"Usimruke leo."

Nilitegemea angeondoka. Aliinama kisimani, akateka maji, akanawa uso na mikono kama anayetawadha, kisha akasimama chini ya kichanja akainua mikono. Alimtaja kwa jina lake na jina la baba yake, sauti ile ya baba, akarefusha dua kuliko nilivyotarajia, nikaona analipa zote alizoruka. Mimi nikaitikia amin. Ulimi wangu haukuwa mzito.

Alipomaliza akafungua kamba upande mmoja, akaingiza mkono, akakata kichala kwa kucha, akanipa. Zilikuwa chachu, mvua imeziharibu kidogo. Tulizila pamoja, yeye mbegu anazitema kisimani mpaka nikamkaripia.

"Ukifika wakati wa kuukata tena," akasema, "uje mwenyewe na huyo mke mwenzako, mnionyeshe. Mimi nitashika ngazi."

Nikamwambia ngazi yake imeoza, atafute nyingine.